Ratisaje ya Mbunya

Baba yangu alijua Kifaransa cha bustani tu. Ukimsalimia kwa Kifaransa alikuitikia kwa kichwa, basi, usitegemee zaidi. Lakini maneno ya kazi yake aliyajua yote: kuarosa ni kumwagilia maji, kutaye ni kukata matawi, bordire ni ule mstari wa maua pembeni ya njia, na kuratisa ni kupitisha rato, ile reki ya meno ya chuma, juu ya changarawe mpaka ilale sawa. Nje ya hapo, Kifaransa kwake kilikuwa makelele. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wanapenda kunieleza vita yetu ya Ituri kama mambo ya wakubwa, ya mipaka na zahabu. Sawa, waeleze. Kwangu mimi vita ilipitia kwenye neno moja. Na mtu anayetaka kusema kwamba baba alikuwa mjinga, aje aniambie usoni, tuone.

Nilizaliwa nyuma ya jumba ambalo watu wa Bunia walikuwa wakiliita Domeni. Lilijengwa na wazungu wa kampuni ya zahabu kwa ajili ya mkubwa wao, juu ya kilima, lenye vigae vyekundu na baraza inayolizunguka pande zote. Mbele kulikuwa na njia ya changarawe katikati ya safu mbili za misipresi mirefu, halafu duara la mawaridi, halafu paspalumu, yale majani mafupi ambayo sisi watoto hatukuruhusiwa kuyakalia wala kwa dakika moja. Nyuma kulikuwa na parachichi, malimau, bustani ya mboga, na mwisho kabisa boyeri, nyumba ndogo za watumishi. Chumba chetu kilikuwa cha tatu. Mzungu mwenyewe sikumwona, alikuwa ameshaondoka. Nilichokiona ni wenye nyumba waliokuja baada yake, mmoja wa serikali aliyefuga mbuzi kwenye paspalumu, mwingine mfanyabiashara, halafu miaka mizima bila mtu. Walikuja wakaenda. Baba alibaki na rato yake.

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya misipresi, alianzia kwenye ngazi za baraza akawa anarudi kinyumenyume mpaka kwenye geti. Kinyumenyume, nasema, ili asiache alama ya mguu wake mwenyewe. Mzungu ndiye aliyemfundisha hivyo, kwa sababu alitaka kila akiamka aone ni nani amepita. Baba aliendelea na desturi hiyo hata pale ambapo hapakuwa na mtu wa kuamka. Aliweza kusoma changarawe kuliko mimi nilivyoweza kusoma kitabu. Huyu ni mbwa wa padri, huyu ni mwizi wa malimau, huyu amelewa.

Ndivyo alivyonikamata. Nilikuwa binti mkubwa, na nilikuwa nimetoka kwa siri jioni kwenda kuonana na kijana mmoja fundi wa redio. Asubuhi baba akaniita kwenye geti akaninyooshea chini.

"Huyu ni weye. Muguu yako ya kushoto inatokaka inje kama ya bata."

Nikanyamaza. Mimi, kunyamaza! Akasogea hatua mbili.

"Na huyu njo nani?"

Nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba kwao ni upande wa Bogoro, na kwamba kabila lao si letu, kwa sababu nilijua mama zangu wadogo wangemwambia kabla ya saa sita. Baba akainama, akaangalia nyayo za yule kijana kwa muda mrefu, utadhani anachagua mbegu.

"Anatembea muzuri," akasema. "Hana haraka."

Huo ndio ulikuwa uchunguzi wote aliomfanyia mkwe wake. Tulioana, tukapata lupango letu mtaa wa Mbunya, kiwanja kidogo chenye ua wa mianzi na nyumba ya vyumba viwili yenye plafo, dari ya mbao chini ya mabati. Baba alimwita mume wangu bokilo, mkwe, na alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, nadhani kwa sababu mume wangu hajui kugombana.

Halafu vita. Sitataja makabila. Nimechoka nayo, na wewe msomaji ukiyajua unayajua. Mji ulibadilisha mikono zaidi ya mara moja, na kila mara kulikuwa na watu wa kukimbia na watu wa kurudi. Walioushika mji wakati ninaousimulia walijiita watetezi wa watu wetu, yaani mimi na baba. Mimi sikumtuma mtu kunitetea. Mume wangu alikuwa wa upande wa pili, na wanaume wa upande wa pili walikuwa wakitolewa majumbani mwao na hawarudi. Tukaeneza habari kwamba amekimbilia Niania kwa miguu. Ukweli ni kwamba alipanda kwenye plafo, akalala juu ya mbao pamoja na mavumbi na mavi ya panya, akawa anashuka mchana kidogo tu, kula bugari na sombe, kujinyoosha mgongo, na kupanda tena. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tano. Aliyejua ni mimi na baba. Angalau hivyo ndivyo tulivyoamini.

Na Domeni? Eh! Domeni ilichukuliwa na komanda wao. Alipenda baraza. Alipenda kukaa pale na miwani yake, simu kubwa ya antena mezani, akiangalia duara la mawaridi kama mtu aliyelipanda mwenyewe. Askari wake walifua nguo kwenye bustani ya mboga na kukata misipresi miwili kwa ajili ya kuni. Siku ya kwanza baba alilia kwa ajili ya ile misipresi. Siku ya pili akachukua rato akaanza kwenye ngazi, kinyumenyume, mpaka kwenye geti, akipita katikati ya vijana wenye bunduki waliokuwa wakimcheka.

Komanda ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza. Aliona faida. Asubuhi moja alikuta nyayo zinazotoka kwenye misipresi kuelekea dirisha la stoo ya risasi, akajua ni askari wake mmoja anaiba. Tangu siku hiyo akatoa amri: hakuna mtu kukanyaga mahali muzee ameratisa, mpaka yeye mwenyewe aamke aone. Mmoja akasahau. Wakamlaza kwenye paspalumu, wakamchapa fimbo mbele ya wenzake mpaka akaita mama yake. Baada ya hapo ungewaona hao wanaume wazima, mabomu kiunoni, wakipita mmoja mmoja juu ya bordire kama watoto wa shule ya msingi. Ningecheka, kama mume wangu asingekuwa kwenye plafo.

Sikucheka. Niligombana. Kila nilipopanda kilimani kumwona baba nilimgombeza, na yeye hakuwa na mahali pa kujificha.

"Unawasafishia njia watu wanaotafuta bokilo yako!"

"Nasafisha njia. Ilikuwako mbele yao."

"Uache! Ukuje kukaa na siye Mbunya."

"Nikiacha, mawaridi itakufa."

"Ikufe!"

Basi hapo alikuwa anageuka anaenda kumwagilia kitu, na mimi nabaki nimesimama damu imenipanda kichwani. Naomba mnielewe. Niliogopa saa ishirini na nne kwa siku, na hofu yangu hutoka kwa njia ya mdomo. Sikuwa na mtu mwingine wa kumpigia kelele. Mume wangu huwezi kumpigia kelele kupitia plafo.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa mchana, nimekuja kuchuma lenga-lenga kwenye kile kipande cha bustani ya mboga ambacho askari hawakukiharibu. Baba akanifuata anatembea upesi, uso unang'aa. Miezi mingi sikuwa nimeuona uso ule.

"Nilikuwa nataye ua chini ya dirisha ya biro," akasema, akimaanisha ofisi ya komanda. "Komanda iko anazungumuza na bakubwa yake, Kifaransa tupu. Lakini nimesikia. Kesho asubui banafanya ratisaje ku Mbunya. Mbunya nzima!"

"Ee."

"Ratisaje! Mbunya kwenu ni muchafu sana, mutaona. Ila ni mubaya, hawakuniita. Mimi iko hapa miaka yote, rato iko yangu, na banaenda kuratisa bila mimi?"

Kilichonichoma ni ile huzuni yake ya kutoitwa. Nilisikia hiyo tu. Baba yangu anataka kualikwa kazini na hawa watu! Nikamwambia waanze kumratisa yeye, kichwa chake hicho, pengine kitapata akili. Nikafunga lenga-lenga zangu kwenye kitenge nikateremka bila kumuaga.

Nilisoma mpaka mwaka wa nne wa sekondari. Redio ya mume wangu ilikuwa inasema lile neno kila wiki: ratisaje mtaa fulani, ratisaje kijiji fulani, yaani askari kupita nyumba kwa nyumba kutoa watu. Nililijua neno hilo vizuri kabisa. Baba alikuwa hajui, na hakuna aliyemfundisha. Kwake lilikuwa neno la changarawe na la salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa. Kosa la kutokujua ni lake. Kosa la kujua na kutosikiliza ni langu, na ndilo kubwa zaidi. Nimeshalisema kwa padri, nimeshalisema kwa mume wangu, wote wawili wakanipa pole, na halijapungua uzito hata kidogo.

Kesho yake asubuhi nilitoka mapema kwenda kwenye chemchemi na bidoni ya maji. Niliporudi nilimkuta baba amesimama kwenye mlango wa ua wetu, mgongo kwangu, ovaroli lake la kazi amelivaa, anamalizia kuratisa. Alikuwa ameshuka kutoka kilimani kukiwa na ukungu bado. Alitaka, alivyonieleza baadaye, kwamba hao watu wa ratisaje wakifika walikute lupango la binti yake limeshang'aa, tusipate aibu. Alianzia kwenye kizingiti cha nyumba akarudi kinyumenyume mpaka njiani. Udongo wote ulikuwa na mistari kama nywele zilizochanwa. Hapakuwa na wayo hata mmoja.

Nikataka kupita. Akanyoosha mpini wa rato mbele yangu.

"Usikanyage!"

"Baba, iko na maji mu kichwa. Nipitie wapi, niruke?"

"Ungoje baone kwanza."

Nilikuwa nimeshafungua kinywa kumjibu niliposikia magari yanasimama kule juu ya mtaa. Halafu milango inapigwa kwa matako ya bunduki. Halafu mama mmoja analia. Ndipo neno la jana likaniangukia, zima, pamoja na maana yake. Bidoni sijui niliiweka chini saa ngapi. Mume wangu alikuwa ndani, juu ya mbao, hatua kumi na tano kutoka pale niliposimama, na mimi nilichotaka ni kukimbilia mlangoni na kuuziba kwa mwili wangu. Ningekimbia. Baba alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, na alinishika kwa sababu ya udongo wake, si kwa sababu nyingine. Alikuwa bado anafikiria kazi.

Wakaja sita. Watatu niliwajua sura kutoka Domeni. Wa mbele, mwenye kofia ya sufu, akamwona baba akacheka.

"Eh, muzee wa komanda! Na weye iko unafanya nini huku?"

"Si ni ratisaje?" baba akasema. Alisimama wima kama mtu anayekaguliwa. "Nimekuja kusaidia. Hapa nimemaliza."

Wakacheka wote. Mmoja mrefu, ambaye pengine alikuwa mgeni, akainua buti apite. Mwenzake akamvuta kwa shati.

"We! Usikanyage ya muzee. Unataka fimbo?"

"Hapa si Domeni."

"Muzee ni wa komanda. Uache."

Yule wa kofia ya sufu hakucheka tena. Aliangalia ile mistari kutoka miguuni pake mpaka kwenye kizingiti, polepole, kisha akamwangalia baba.

"Umeanzia mu mulango?"

"Mu mulango kabisa."

"Na hamuna mutu amepita?"

"Unaona mwenyewe. Hata kuku."

Na ilikuwa kweli. Baba hajawahi kusema uongo juu ya udongo. Yule askari akaitikia kwa kichwa, ameridhika kwamba hapa muzee amewamalizia kazi. Nilikuwa naomba Mungu kwa maneno ambayo hayafai kuandikwa, nikimuahidi vitu ambavyo sijamlipa mpaka leo.

"Aya. Umemaliza lupango ngapi?"

"Moja," baba akasema. "Ni hii tu. Ile ya pili bado." Na akaonyesha kwa mpini wa rato, kama fundi anayemwonyesha mwenzake mahali pa kuendelea.

Wakaenda kwenye ile ya pili.

Pale aliishi jirani yangu, mama mjane, na mwanawe mmoja, mwalimu wa shule ya msingi. Wao walikuwa wa upande wa mume wangu. Sisi tuliazimana chumvi, moto, kinu, kila kitu. Alikuwa ametuambia wote kwamba mwalimu amekwenda Beni. Kumbe alikuwa jikoni, nyuma ya magunia ya makaa, na haikuwachukua hata dakika tano. Walimtoa amejaa weusi wa makaa usoni na kwenye shati lake la kazi, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya baiskeli. Mama yake alimshika mguu, wakamburuza naye mpaka barabarani, kisha wakambandua vidole kimoja kimoja. Mwalimu hakupiga kelele. Alikuwa anamwambia mama yake maneno fulani kwa sauti ndogo, kwa lugha yao, na mimi sikuyaelewa.

Gari likaondoka naye. Hatukumwona tena, wala mwili wake.

Baba alikuwa bado ameshika rato.

"Banamupeleka wapi mwalimu?" akaniuliza. "Si ni ratisaje?"

Nikamwambia. Ningeweza kumwambia vizuri, nikamkalisha kwanza, nikamshika mkono. Nilimwambia kwa kunong'ona na kwa hasira, meno yameumana: "Ratisaje ni kutafuta batu, baba. Ni batu njo banaratisa. Si taka." Aliniangalia kama mtu anayeangalia mdomo wa mgeni. Kisha akaketi chini, pale pale kwenye mlango wa ua, juu ya kazi yake mwenyewe, na hakuinuka mpaka jua likawa kali.

Mume wangu yuko hai. Majuma mawili baadaye alitoka na watu waliokuwa wakienda kusini, akafika, na baadaye nikamfuata. Yuko chumba cha pili hivi sasa ninapoandika, anabishana na redio iliyokataa kushika. Nina furaha naye, na sitaomba msamaha kwa furaha hiyo, ingawa kila siku ninaona nimeichukua mahali. Baba hakurudi Domeni. Komanda alimtuma mtu kumwita mara mbili. Baba akasema mgongo unamuuma. Mawaridi yalikufa, nasikia, na mimi niliyesema yafe niliumia nilipoambiwa.

Lakini kabla mume wangu hajatoka, siku ya tatu baada ya ratisaje, yule mama alikuja kwetu. Ilikuwa mchana. Aliingia bila kupiga hodi, kitenge amekifunga vibaya, akaketi kwenye kigoda mbele ya baba. Mimi nikasimama karibu na jiko, sijui niweke mikono wapi. Juu yetu mume wangu alikuwa amelala kwenye mbao zake, na nilikuwa naomba asijigeuze.

"Muzee," akasema, "nilikuwa nyuma ya mulango. Balikuuliza ni ngapi. Nilisikia."

"Ndiyo, mama."

"Ungesema mbili."

Baba alimwangalia. Nilijua kwamba angeweza kumwambia habari ya Kifaransa, ya mzungu, ya salongo, kwamba hakujua, kwamba mimi niliyejua sikumweleza. Hakusema hata moja.

"Mama," akasema, "kwako nilikuwa bado kufika."

Yule mama alingoja kama kuna lingine. Halikuwako. Na mimi, mwenye mdomo kuliko wote Mbunya, sikupata hata pole. Akainuka, akakaza kitenge chake, akafika mlangoni. Hapo akasimama, akainua macho taratibu mpaka kwenye plafo, akayaweka hapo, sawasawa na mahali mume wangu alipolala. Neno moja lake barabarani, moja tu, nao wangekuwa hapa kabla sufuria haijachemka.

Akanigeukia mimi.

"Umwambie asikohoe asubui," akasema. "Inasikilikanaka mpaka kwangu."